Wakili wa Kiwanda na Sufuria ya Presha

Wakili wa kiwanda hufika mahakamani kabla yetu sote, amepakata sufuria mpya ya presha, ndugu wa ile iliyoniunguza uso, ameizungushia taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Kucha zake ni safi, sauti yake ni ya chini, na kabla ya kila swali hupangusa miwani kwa ncha ya tai. Huniita mama yangu, ingawa umri tunalingana.

“Mama yangu, kitabu cha maelekezo ulikisoma?”

“Sijui kusoma, na hilo unalijua. Hii ni mara ya tatu unaniuliza.”

“Nauliza tu, mama yangu, ili liandikwe.”

Watu wa kiwanda walioketi nyuma yake hucheka chinichini. Yeye hacheki, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Jana hakimu alimwambia afunge kifuniko kisha akifungue, tuone huo usalama anaousema kila siku. Sufuria ilikuwa tupu, haijawahi kuona moto. Akakibana kifuniko, akashika mpini, na kabla ya kuuzungusha akarudi nyuma hatua moja, akageuza uso pembeni na kufumba macho. Kifuniko kikafunguka kimya. Alipofumbua macho, yakakutana na yangu.

“Una swali jingine kwa mama?” hakimu akauliza.

Alipangusa miwani muda mrefu, akasema hana, akaanza kuizungushia sufuria taulo lake.

Mimi, siku ile jikoni kwangu, hakuna aliyeniambia nigeuze uso.