Luciana, anayekaa nyuma ili Alute aseme

Saa tatu asubuhi, katika kijiji kimoja nje kidogo ya Iguguno, wilayani Mkalama, Luciana Msengi (43) anachukua kiti alichowekewa mbele ya wajumbe wa baraza la ardhi. Anakisogeza nyuma ya Alute, anakaa.

Alute Kitundu (29) ana ulemavu wa akili. Anaongea polepole, na ukimuuliza maswali mawili kwa pamoja hajibu hata moja. Marehemu mama yake alimwachia shamba la ekari tatu. Sasa baba yake mdogo, Melkiori, analitaka liwe malisho ya ng'ombe wake. Likiondoka leo, Alute hana tena pa kulima.

"Huyu kijana wako anasemaje?" mwenyekiti wa baraza, mzee Hezekia, anamuuliza Luciana.

Luciana anamwangalia Alute.

"Mama, nakuuliza wewe."

"Shikamoo, mwenyekiti. Mimi sina shamba hapa. Mwenye shamba huyo mbele yako."

Wajumbe wanaguna. Lakini hiyo ndiyo kazi yake. Anawasindikiza watu wenye ulemavu wa akili kwenye vikao na ofisini, anawaeleza kwa maneno mepesi kinachoendelea, kisha anawaacha waseme wenyewe. Kikundi cha wazazi wao kinampa posho ya Sh60,000 kwa mwezi. Serikali haimpi hata nauli.

Na hao wakubwa wetu bwana! Wakitafuta kura, Alute ni mwananchi, anapangishwa foleni kama wengine. Likija suala la shamba lake, ghafla amekuwa mgonjwa wa kusemewa.

Luciana alianzia nyumbani. Mdogo wake, Amosi, alikuwa na ulemavu kama huo. "Tulimpeleka zahanati, wakamuuliza mama, 'Anaumwa wapi?' Mama akasema labda tumbo. Wakampa dawa ya tumbo. Amosi muda wote kashika sikio," anasimulia. "Nikasema, mimi sitakubali tena."

Ndani ya ofisi ya kijiji, baraza linamsubiri Alute. Ameinamisha kichwa.

"Si mnaona?" Melkiori anasema. "Mtamsubiri huyo mpaka masika."

Watu wanacheka. Luciana anasimama na kuomba kikao kihamie shambani. "Humu anaganda. Akitembea, anaongea."

"Jua lote hili?" Hezekia anahoji.

"Wakati wa kampeni mlitembea jua hilihili, mzee wangu, tena mnaimba."

Sasa wanamcheka mwenyekiti. Anavaa kofia yake, safari inaanza. Njiani Luciana anamwomba aulize swali mojamoja, kisha asubiri.

Shambani Alute anabadilika. Anatangulia mbele, anaipapasa minyaa iliyopandwa mpakani, anairudishia tawi lililoanguka. Kwa wiki tatu amefanya mazoezi ya kujieleza hapa na Luciana.

"Alute," Hezekia anauliza, "shamba hili la nani?" Anasubiri. Anaonekana kuteseka, lakini anasubiri.

"La kwangu. Mama kanipa."

"Unataka kulifanyia nini?"

"Alizeti. Nalima mwenyewe." Anapumua. "Ng'ombe wa baba mdogo waje."

Luciana anashika kichwa. "Nilitamani kumziba mdomo," anakiri baadaye. "Wiki tatu nahangaika tumzuie Melkiori, halafu yeye anamkaribisha! Lakini ningefungua mdomo, ningekuwa sawa na waliompa Amosi dawa ya tumbo."

Kumbe Alute hajamaliza.

"Waje nikishavuna. Wayale mabua, waniachie samadi. Alizeti ikiwepo, wasije. Wakija nawafukuza." Anamgeukia Melkiori. "Na wewe nakufukuza."

Kicheko kinalipuka shamba zima. Melkiori mwenyewe anashindwa kujizuia.

"Yaani mimi, baba yako mdogo, nije kukuomba ruhusa?"

"Eeh. Unaomba."

Melkiori anatazama ekari tatu, anatazama wajumbe, anakuna shingo. "Haya, mwanangu. Naomba."

"Nimekubali," anasema Alute, na akina mama majirani wanapiga vigelegele. Pande zote mbili zimeridhia: shamba ni la Alute, na ng'ombe wataingia kwa masharti yake.

Imechukua asubuhi moja tu. Tangu mama yake afariki, Alute amezungushwa ofisi hadi ofisi, na huko kote hakuna mwenye muhuri aliyeona sababu ya kumuuliza swali na kungoja jibu.

Luciana ana mpango. Wiki ijayo anakwenda Sekenke, kwa dada mmoja anayeitwa Witness, ambaye naye ana ulemavu wa akili. Witness anataka kuuza mboga sokoni na ndugu zake wanamfungia ndani. Safari hii Luciana hataki kukaa yeye kwenye kile kiti cha nyuma. Amemwomba Alute akikalie.

"Yeye anajua ilivyo kukaa pale mbele. Mimi najua kwa kuona tu," anasema. "Nataka baada ya miaka michache kazi hii wafanye wao kwa wao, mimi niwe natafuta nauli."

Alute amekubali. Atamwambia nini Witness?

Anafikiri kwa muda mrefu, na hakuna anayemharakisha.

"Nitamwambia asiogope kuchelewa kujibu," anasema. "Wakubwa wana muda. Wanakaa tu."