Nilipokubali Kuwa Mama wa Baba Yangu

Baba yangu hakuniita kwa jina hata siku moja. Kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na mwanamume mwenye adabu haropoki jina la mama yake kama anayeita mbuzi. Kwa hiyo tangu nizaliwe, Baba, mzee wa kanisa anayeogopwa na kwaya nzima, aliniita Mwaitu, yaani mama yangu. Hata akinichapa, alikuwa anamchapa Mwaitu. Tulizoea.

Katika ukame wa miaka ya themanini, mwili wake ulipooza upande mmoja. Mama alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani, karibu na Kanyangi, kutoka kwenye ndoa iliyonishinda, kwa hiyo hakuna aliyeuliza ni nani atakayemtunza mzee.

Kumlisha na kumgeuza hakukunisumbua. Kumwogesha ndiko kulikuwa vita. Binti haoni uchi wa baba yake, na Baba alilishika jambo hilo hata wakati hakuweza kushika kijiko. Kaka yangu, aliyekuwa akiwekea malori mafuta kule Mtito Andei, alikuja mwisho wa mwezi, akamwogesha, akaondoka. "Dada, bosi amekataa kunipa ofu," ndio ulikuwa wimbo wake. Nilimchukia. Sasa naweza kuliandika hilo bila kuona haya.

Vidonda vikatokea kiunoni. Daktari wa zahanati akasema vioshwe kila siku kwa maji ya chumvi, la sivyo vitakula mpaka mfupa. Nikaingia na karai. Baba akalivuta blanketi kwa ule mkono mzima, akanipigia kelele: "Toka! Wewe ni mtoto yangu! Unataka nikufe na aibu?" Nikaenda kulia jikoni, na huku nyuma nzi wakaendelea na kazi yao.

Baadaye akili yake nayo ikaanza kutangatanga. Asubuhi moja niliingia na uji, akanitazama kwa muda, akauliza, "Mwaitu, ni wewe?"

Neno hilo nimeliitikia maisha yangu yote, lakini siku ile nilijua haniiti mimi. Alikuwa anamuuliza mama yake, aliyezikwa kabla sijazaliwa. Ningeweza kumsahihisha. Badala yake nikalitazama karai lililokuwa kando ya kitanda.

"Ni mimi mama yako," nikasema. "Achilia blanketi nikuoshe."

Akaliachilia.

Maji nilikuwa nimeshayavulia nguo, ikabidi niyaoge. Kila asubuhi nilimwita mwanangu, nikamkaripia atulie, naye akacheka na kunisimulia habari za ng'ombe waliokufa zamani. Vidonda vikaanza kukauka. Nilijiona mjanja kupita kaka yangu na daktari wote wawili.

Kisha akaanza kuniulizia.

"Mwaitu, yule msichana wangu alienda wapi? Siku hizi haji kuniona."

Nilikuwa nimepiga magoti, kitambaa mkononi. Nikasema atakuja. Kesho yake akauliza tena. "Nilimfukuza," akasema. "Nilimpigia kelele, na alikuwa amebeba maji. Amekasirika. Mwambie aje nimwombe msamaha."

Ningefanya nini? Nikimwambia binti yako ni mimi, atalivuta blanketi, na vidonda vitarudi. Wiki nzima niliendelea kumwambia atakuja, na wiki ile ilinichoma kuliko ndoa yangu yote.

Ijumaa nikashindwa. Nilimaliza kumwosha, nikamfunika vizuri hadi shingoni, nikatoka nje. Nikavaa rinda langu la kanisani na kupangusa uso. Nikabisha hodi kama mgeni.

"Baba, ni mimi. Binti yako. Nimekuja."

Alinitazama kwa makini, kutoka kichwani hadi miguuni. Halafu akatabasamu kwa upande ule mmoja uliobaki.

"Mwaitu, wacha mchezo," akasema. "Mwambie tu aje."

Alifariki Jumapili, vidonda vimekauka kabisa, akiwa bado ananingoja.