Kona za Kipa Mwoga

Nikisema nilikuwa mchezaji wa kulipwa, watu huuliza haraka nilichezea timu gani kubwa. Hakuna. Ujana wangu wote niliumalizia ligi ya chini, hapahapa Tabora, nikiwa golini katika timu ambayo ikishinda Jumamosi, Jumatatu wanaokumbuka ni wauza kahawa wa Gongoni tu. Tulikuwa na jezi, kambi na kocha mwenye filimbi. Tulisafiri kwa basi dogo hadi Nzega, Igunga, Singida na Dodoma, njia ileile ambayo babu zetu waliipita kwa miguu na pembe za ndovu mabegani. Mimi sikubeba pembe, nilibeba begi lenye glavu. Na kuanzia msimu fulani, nilibeba na woga.

Niliogopa kona. Sisemi kona ya barabara wala ya chumba, nasema mpira wa kona. Penalti haikunisumbua hata kidogo, maana mpigaji unamwona, mpira unauona, mnaangaliana mkamalizana. Lakini kona inakuja na kundi la watu. Kuna viwiko, magoti, vichwa, mtu anakukanyaga kidole kwa makusudi huku akimtazama refa kwa upole, na mpira wenyewe unaning'inia juu kana kwamba unachagua wa kumuumiza.

Kipa mwoga ni kichekesho, najua. Ningesimuliwa habari za mwingine ningecheka mpaka mbavu ziniume.

Woga huo ulianzia kwenye mechi ya ugenini, huko Igunga. Niliruka kudaka kona, goti la mshambuliaji wao likanipata juu ya jicho la kushoto. Nilianguka, nikamwagiwa maji, nikainuka, nikamaliza mechi. Kwenye basi, tukirudi, nikawa nafukuza nzi. Walikuwa wadogo, weusi, wanapita upande wa kushoto, na kila nikiwapiga kofi hawaondoki.

"Mpagazi," akaniambia jamaa aliyekaa kando yangu, "unapigana na nani? Humu hakuna nzi. Hata nzi wa Igunga wamekukataa."

Huyo alikuwa beki wetu wa kati, na alikuwa mtani wangu. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi. Zamani za misafara babu zake walikaa njiani kwenye visima, babu zangu wakipita na mizigo, na kila walipotaka maji walidaiwa kwanza hongo, yaani ushuru wa njia. Ugomvi ule uliisha ukawa utani, na utani tukaurithi sisi wawili, mmoja namba moja na mwingine namba tano. Aliniita mpagazi. Mimi nilimwita muuza maji. Nikifungwa bao aliuliza kama mzigo ni mzito. Akikosea pasi nilimwambia arudi kisimani. Tangu tufahamiane hakuwahi kuniita kwa jina langu, na angeniita ningejua kuna msiba.

Wale nzi hawakuondoka. Nikaenda hospitali, nikapelekwa kwa daktari bingwa wa macho. Alinitazama ndani ya jicho kwa taa kali mpaka machozi yakanitoka, akasema ngozi nyembamba iliyo nyuma ya jicho imechanika. Akaishikiza kwa miale ya leza.

"Hiki ni kiraka tu," akasema. "Ukipigwa tena kichwani jicho hili linaweza kuzima, na likizima sikuahidi kwamba nitaliwasha. Kazi yako ni nini?"

Nikamwambia.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Tafuta nyingine."

Kusema ni rahisi. Mimi nilikuwa sijui kazi nyingine ila tumbaku, na tumbaku nilikuwa nimeikimbia kwetu Goweko nikiwa na mikono myeusi ya utomvu. Tena kwenye timu yetu kipa wa pili alikuwa mrefu kuliko mimi, na kila nilipokohoa alianza kupasha misuli. Nikanyamaza. Nilimwambia kocha jicho limepona, akanipiga begani, akanirudisha golini.

Tangu hapo kila asubuhi niliamka na mtihani. Kabla sijapiga mswaki nililifunika jicho la kulia kwa kiganja, nikaitazama kalenda ya kanisa la Moraviani iliyokuwa ukutani. Kama maandishi yalisomeka, nilishukuru. Kama yalicheza kidogo, nilijiambia ni usingizi, nikaosha uso na kuyatazama tena. Siku nyingine nilifanya mtihani ule njiani, nikilitazama bango la duka kwa jicho moja, na wapita njia wakidhani namkonyeza mtu.

Uwanjani ilikuwa mbaya zaidi. Mpira ukitoka nje karibu na kibendera cha kona, mdomo ulinikauka kabisa. Kipa anapotoka golini lazima apige kelele, "Yangu!", ili mabeki wampishe. Mimi sauti haikutoka. Nilibaki kwenye mstari, na mpira ulipofika kwenye vichwa vya watu nilifumba macho. Niliyafumba bila kutaka, kope zilijiamulia zenyewe. Nikiyafumbua nilikuta ama mpira umeondolewa, ama uko nyavuni.

Mtani ndiye aliyegundua, akalitangaza jambo lenyewe mezani, kambini, tukinywa chai.

"Jamani," akasema, "nina habari mbaya. Huyu mpagazi kona zikipigwa anafumba macho. Nimemwona. Yeye hakuniona, alikuwa amefumba!"

Meza nzima ikaangua kicheko. Kocha alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Mimi nilicheka kuwashinda wote, kwa sababu siri yangu ilikuwa imewekwa juu ya meza pamoja na mihogo na hakuna aliyeiona. Angesema mwingine, kocha angeniita pembeni. Amesema mtani, basi ni utani.

Baada ya mazoezi alinifuata bombani.

"Unafumba kweli?"

"Kauze maji," nikamjibu.

Alicheka, lakini alikuwa analitazama jicho langu la kushoto. Hakuuliza tena. Ila kuanzia mechi iliyofuata, kila ikipigwa kona, alikuja kusimama mbele ya pua yangu, na mpira wowote ulioingia kwenye eneo letu aliurukia yeye. Alipiga kichwa mipira yake na ya kwangu. Watu wakasifu beki ya Tabora mwaka ule. Mimi nilijua nimesimama nyuma ya mgongo wa mtu, naona aibu, na bado nilishukuru kila alipoondoka ardhini.

Hapa inabidi niseme habari za kifo cha baba, maana bila hicho mwisho wangu hautaeleweka. Baba alifariki Goweko, msimu wa kabla ya jicho. Mtani alikuja kuzika. Watu walipokaa kimya chini ya turubai, aliingia ndani bila kuomba ruhusa, akachukua kofia ya marehemu kwenye msumari na fimbo yake, akatoka akichechemea kama baba alivyochechemea. "Nani kaacha mlango wa bani wazi?" akafoka, kwa sauti ya baba kabisa, fimbo ikielekea banda la kukaushia tumbaku. "Tumbaku itakauka na nini, na mdomo wako?" Shangazi zangu walicheka huku wanalia. Akazunguka ua, akakagua kuni, akamgombeza mama kwa ajili ya uji, kisha akasimama katikati na ile kofia kichwani, akangoja. Ndivyo ilivyo: mtani akivaa cha marehemu kinabaki chake mpaka ndugu wakikomboe. Baba mkubwa akamkamatia jogoo, kofia ikarudi msumarini. Mama aliniambia baadaye kwamba alipoiona ile kofia kwenye kichwa cha mtu mwingine ndipo alipokubali kwamba baba hayupo.

Sasa nirudi uwanjani. Ilikuwa mechi ya nyumbani, masika, mpira umelowa na una uzito wa boga. Tulikuwa tunaongoza. Wapinzani walipata kona upande wangu wa kushoto, ule wa jicho bovu. Mtani akaja kusimama mahali pake. Nikaona shingo yake imelowa mvua, nikaona anahema, na kwa mara ya kwanza nikaona haya kuliko nilivyoona hofu. Nikajiambia hii nitaidaka mwenyewe. Hii sifumbi.

Sikufumba. Niliuona mpira ukiinuka, nikauona ukipinda na upepo, nikatoka golini mikono juu kama nilivyofundishwa. Kila kitu nilikiona vizuri sana. Kitu kimoja tu sikukifanya: sikupiga kelele. Mdomo ulikuwa mkavu kama kawaida yake, na lile neno "Yangu" likabaki kooni. Mtani, aliyezoea kwamba kipa wake hatoki, akaruka kunisaidia. Nilikiona kisogo chake kikija.

Nilipokaa kwenye tope, upande wa kushoto kulikuwa na kivuli kinashuka kutoka juu, polepole, na kila nikipepesa kinashuka zaidi. Nilililia jicho langu pale uwanjani kwa sauti, mbele ya watu wote, na sikujali. "Linazima," nilikuwa nasema. "Jamani, linazima." Mtani alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Nilimwona nusu.

Wakanilaza Kitete, hospitali ya mkoa, nikingoja kupelekwa kwa yule bingwa. Jicho lilikuwa limefungwa bandeji. Mama alifika kutoka Goweko na khanga zake na uji kwenye chupa, akakaa ukingoni mwa kitanda akinong'ona sala. Hakuna aliyeniambia lolote. Manesi walisema tusubiri, na mimi nilisubiri huku nimeng'ang'ania pembe ya shuka, nikijipa matumaini ya kitoto kwamba chini ya bandeji jicho linaona, ila limefunikwa tu.

Mchana akaingia mtani. Akamwamkia mama shikamoo, akasimama miguuni pa kitanda ameshika kofia yake.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema.

Tangu Igunga nilikuwa nimeogopa mengi, viwiko, mvua, kalenda ya ukutani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoliogopa neno lile. Ndugu yangu! Mtu aliyemcheka baba yangu msibani ananiita ndugu.

"Nitanie," nikamwambia.

"Siwezi."

"Nitanie bwana. Uliza kama mzigo ni mzito."

"Ni kichwa changu kilichokupiga," akasema. "Nimeongea na daktari huko nje."

"Amesemaje?"

Alitazama chini ya kitanda, palipokuwa na begi langu. Akainama, akalifungua, akatoa glavu. Zilikuwa bado na tope la mechi, limekauka. Akazivaa moja baada ya nyingine, akavuta mikanda yake kwa meno, kama mimi.

Kisha akasimama kati ya kitanda changu na cha jirani, akavigusa vyuma vya vitanda, kulia, kushoto, kama ninavyogusa milingoti. Akapandisha soksi. Akatema mate ya uongo. Akamnyooshea kidole beki asiyekuwepo na kumfokea kwa sauti yangu, akiburuta maneno ya Kinyamwezi vibaya sana. Mgonjwa wa pembeni akaanza kucheka. Nesi akasimama mlangoni na trei yake. Mtani akatazama juu, akafuata kwa macho kona inayokuja, akainua mikono, na mpira ulipofika akafumba macho, akayabana kweli kweli, uso umekunjamana kama mtoto anayenyweshwa dawa.

Wodi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, bandeji ikiniuma, nikacheka mpaka lile jicho zima la kulia likalowa.

Mama ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Alikuwa anamtazama mtani, kwa sababu mtani alikuwa amemaliza na hakuzivua. Amesimama tu, mikono imening'inia, glavu zangu mikononi, anangoja.

Mama akaniinamia sikioni. "Nyumbani yupo jogoo mwekundu," akasema taratibu. "Nimpigie simu mdogo wako amlete?"

Nilizitazama zile glavu kwa jicho langu moja. Nilimfikiria yule bingwa na miwani yake. Niliifikiria kona, mpira umelowa, na jicho moja tu limebaki kichwani, la mwisho, nimelipeleka tena katikati ya viwiko. Mdomo ukanikauka palepale kitandani.

"Hapana, mama," nikasema. "Mwache."

Mama akaufunika mdomo wake kwa khanga. Mtani alingoja bado kidogo, labda alidhani nitabadili mawazo. Kisha akazivua glavu, akazikunja pamoja, akazitia kwapani.

"Haya, mpagazi," akasema. "Umeutua."

Akaondoka nazo.