Ngazi Aliyoichora Rula Akiwa Kitandani

Tuwekeane dau: nikimaliza kusimulia, utasema naongopa. Haya, weka soda, mimi naweka mbili. Mdogo wangu wa kike alilala kitandani, mguu juu ya mito, akaifanyisha kazi kompyuta iliyokuwa mtaa wa pili. Tena hakuigusa hata kwa kidole.

Tunamwita Rula. Tangu mdogo alikuwa hachori mstari uliopinda, hata wa kuchezea chini. Mimi nilikuwa napinda kila kitu, ndiyo maana yeye ni mchoraji wa karakana na mimi ni mchomeleaji wa karakana hiyohiyo. Yeye anachora geti, mimi nalifanya lisimame. Shule niliacha darasa la kwanza. Sikushindwa, bwana, walimu ndio walichoka.

Sasa Rula akateleza kwenye ngazi za ofisi, mguu ukavunjika mara mbili. Daktari akaufunga plasta mpaka pajani, akamwambia alale. Na wakati huo kliniki moja ilikuwa imetuagiza ngazi ya chuma ya kuzunguka, ile inayopanda kama konokono. Ngazi ya hivyo ukikosea kidogo chini, juu inatokea ukutani.

Bosi alikuja kumjulia hali. Akakaa, akapoa, kisha akasema, "Rula, mchoraji asiye ofisini ni sawa na mlinzi aliyelala kwao. Hii kazi nitampa mwingine. Akiiweza, ndiyo basi tena, nafasi ni yake."

Rula akajibu, "Bosi, kilichovunjika ni mguu. Nitachora hapahapa."

"Kwa kompyuta gani? Hiyo?"

Tukaitazama laptopu yake. Kuukuu! Ukiifungulia ile programu ya kuchorea inakohoa, inapata moto, inazima. Nilicheka. Rula hakucheka.

"Hii itakuwa macho tu," akasema. "Itakayofanya kazi ni seva."

Seva ni lile kompyuta kubwa la karakana, linavuma nyuma ya ofisi kama friji lenye hasira, halina hata skrini. Kesho yake nikaazima skrini ya karani, nikaichomeka, simu sikioni.

"Kaka, soma kilichoandikwa."

"Kizungu."

"Basi nitajie herufi."

"Ya kwanza ina tumbo."

"Kaka! Zenye matumbo ziko nyingi!"

Tulikwenda hivyo, tumbo kwa tumbo. Nilibofya aliponiambia nibofye, nikaandika alichonitajia. Mwisho nikamsikia anavuta pumzi. Programu ilikuwa imefunguka kule kwenye seva, lakini dirisha lake limetokea kwenye laptopu, mapajani kwake. Ni kama mpishi yuko jikoni na wewe umekaa dirishani: ukisema koroga, anakoroga, unaona chungu, lakini chungu hakiko kwako. Mfano huo ni wangu, usiuibe.

Usidhani ilikuwa mteremko. Anasogeza kipanya, mstari unamfuata nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba. Akaondoa rangi, akaondoa vivuli, akabakiza mistari mitupu ili mtandao uweze kuibeba. Simu ya intaneti akaining'iniza dirishani kwa kitambaa, maana kitandani haikushika. Siku za mwanzo mtandao ukikatika, programu inafunga na kazi inapotea. Nilimkuta ameuma shuka kwa hasira.

"Achana nayo," nikamwambia. "Mguu kwanza."

"Mguu unapona wenyewe. Hii haijichori yenyewe."

Akahangaika, akauliza huku na huku kwa simu, mpaka akapata namna ya kuiacha programu ikikaa kulekule kwenye seva hata akikatikiwa. Akirudi anaikuta palepale. Alinieleza vizuri kabisa, lakini mimi nilikuwa nasikiliza nikitafuta pa kutania.

Asubuhi ya kukata chuma nikampitia na chai. Nikamkuta amelala, dawa ya maumivu imemzidi nguvu, laptopu iko wazi tumboni, ngazi imejaa kwenye skrini. Nzuri hiyo! Simu yangu ikalia. Bosi.

"Mchoro uko wapi? Fundi wa msumeno ameshavaa miwani. Yule mchoraji mwingine naye yuko hapa."

Nikasema moyoni, shujaa ni nani kama si mimi? Nikaifunga laptopu, nikaikunja kwenye blanketi kama mtoto mchanga, nikatoka mbio.

Karakanani nikaifungua mbele ya watu wote. "Tazameni kazi ya ukoo wetu!"

Dirisha jeusi. Tupu. Yule mchoraji mwingine akakohoa kidogo, kikohozi cha adabu chenye kicheko ndani.

Simu tena. Rula.

"Kaka, umebeba nini?"

"Nimebeba mchoro wako."

"Mchoro uko kwenye seva, hapohapo nyuma ya ofisi! Wewe umeng'oa dirisha langu, na simu ya intaneti umeiacha huku inaning'inia. Na bado vidato vya juu sijavimaliza."

"Sasa nifanyeje?"

Hakulia, hakunitukana. Alisema tu, "Geuka. Irudishe."

Nikamtazama bosi. Bosi akatazama kikombe chake. "Nasubiri mpaka chai hii iishe," akasema. "Na mimi chai nainywa ikiwa ya moto."

Nilikimbia, ndugu yangu, mpaka nikawasahau wanaonidai.

Nilimkuta mlangoni. Alikuwa ametambaa kutoka kitandani, plasta na yote, amekaa kizingitini, waya wa chaji mkononi. Aliipokea laptopu. Akaunganisha. Ngazi ikatokea ilivyokuwa, na mstari aliouacha nusu bado ni nusu. Jasho linamdondoka kwenye vibonye, mbuzi wake anavutwa polepole. Anabofya, anasubiri, anabofya. Mimi nimeshika ile simu ya intaneti juu ya kichwa ili mtandao usitukimbie.

"Tayari," akasema, akabonyeza kuchapa.

Karani ndiye aliyenisimulia yaliyotokea kule. Mashine kubwa ya kuchapa ikaguruma peke yake, ikaanza kutema karatasi, hakuna aliyeigusa. Bosi akainuka, kikombe mkononi. Akapima kwa macho, akapima kwa futi, akamwambia fundi wa msumeno, "Kata." Yule mwingine akamshukuru kwa chai, akaondoka.

Ngazi niliichomelea mwenyewe. Kliniki wanaipanda, inatokea mlangoni, haitokei ukutani. Bosi akampigia Rula kumwambia nafasi ni yake, awe amelala, amekaa au amening'inia.

Mimi watu bado nawaambia kwamba bila mbio zangu hakuna ngazi. Ni kweli, nilikimbia. Lakini nilipaswa kumwamsha nimuulize kabla ya kuichukua. Sikumuuliza. Hapo nilikosea.