Ndugu Ambaye Kambale Hakumhesabu

Siku yangu ya kwanza ya ukalimani, katika ofisi moja ya Don Mills, Kanada, msimamizi wetu, mama wa Kitanzania, alinikalisha kabla sijavua koti.

"Mzee Hamisi, wewe ni bomba," akasema. "Maji yanaingia huku, yanatokea kule. Hata mtu akifa kwa kiu, bomba haliongezi tone."

"Na likipasuka?"

"Tunafunga jingine."

Nilicheka, nikavua koti. Nimeishia darasa la saba. Kiingereza na Kiswahili cha Wakongo nilivijulia Kigoma, nikiendesha malori ya kambi za wakimbizi.

Mwanzoni nilitafsiri kwa simu. Baadaye nikapelekwa darajani, mpakani na Marekani, na hapo ndipo kazi iliponoga. Marekani wakikaza sheria zao, sisi tulijua kabla ya magazeti: chumba cha kusubiri kilijaa. Serikali mbili zilikubaliana kwamba mkimbizi aombe hifadhi katika nchi aliyoifikia kwanza. Aliyepitia Marekani hurudishwa hukohuko, isipokuwa ana ndugu wa karibu Kanada. Ndugu huyo tulimwita nanga. Ukirudishwa, nafasi ya pili huna.

Siku moja akafika Kavira, mama Mkongo kutoka Butembo, na mtoto mgongoni. Nanga yake alikuwa kaka yake, Kambale, aliyekuja kutoka kwake Parkdale, huku Kanada, amevaa sare yake ya kiwandani. Majina yao ya ukoo hayakufanana, maana kwa Wanande, kabila lao, kila mtoto ana la kwake. Afisa mkuu wa zamu, mwanamke wa sauti ya chini, akawahoji kila mmoja chumba chake: mlizaliwa wangapi?

Kavira akahesabu wanne: Paluku, Kambale, Masika na yeye. Kambale akasema watatu.

Nikatafsiri "watatu."

"Dada yako amehesabu wanne," afisa akamwambia. "Nani anakosea?"

Kambale akanigeukia. "Mzee, umusaidie aelewe."

Nikatafsiri hata hilo.

"Mwambie wewe huruhusiwi kumsaidia."

Nikatafsiri na hilo pia. Nilishawatafsiria Wanande wengi, najua majina yao yanavyopangwa. Jibu lilikuwa limekaa ulimini, nami nimefunga mdomo. Akilini nilimwona Kavira akirudishwa ng'ambo na mtoto wake.

Kambale akainama. "Iko mumoja alikufa mutoto. Mama alikataza jina lake nyumbani. Akilisikia, siku ile hakuli. Tukazoea kumuruka."

"Jina lake?" afisa akauliza.

"Paluku," akasema. "Mimi ni Kambale. Kwetu Kambale ni mutoto mwanaume wa pili, Paluku ni wa kwanza. Bila yeye, mimi ni wa pili wa nani?"

Afisa akaweka kalamu chini. "Alikufa kwa nini?"

"Surua."

Tukaenda chumba cha Kavira. Swali lilelile kuhusu Paluku.

"Surua," Kavira akasema.

Nilipolitafsiri, sauti yangu ilipanda yenyewe. Afisa akanitazama, hakunikemea. Akasema Kavira apite, akawafungulia wakutane chumba cha kusubiri.

"Umekonda, we dada!" Kambale akasema.

"Na wewe hicho kitambi, ni cha kiwanda?" Kavira akampiga begani huku analia. "Ulimuruka kaka yetu."

"Mama alikataza."

"Mama hayuko hapa. Mutaje."

Kambale akamtaja tena, kwa sauti, katikati ya chumba cha kusubiri. Niliendesha gari kurudi nikiimba peke yangu.

Sasa nimestaafu, naishi Pickering kwa binti yangu. Ninyi mnaoanza kazi hii, shikeni neno la yule mama wa Don Mills: msiongeze tone. Kambale alipata jibu lake mwenyewe, na kwa hiyo liliaminiwa. Lakini bomba hubaki na unyevu ndani.

Mke wangu alifariki kabla sijastaafu. Nyumbani wananihurumia, hawamtaji. Nami nilizoea kumruka. Juzi, mezani, nikasema, "Mwanaidi angeisifu chai hii." Binti yangu akashusha kikombe. Mjukuu akauliza, kwa Kiingereza chake, Mwanaidi ni nani.

Nikamwambia avute kiti.