Aliyekaa Kiti cha Mbele

Kila nilipompeleka Mama hospitali Mbulu mjini, alifika mgonjwa kuliko alivyotoka nyumbani Maretadu. Safari zilianza kwa sababu ya goti. Baadaye goti tulilisahau, tukawa tunatibu kichwa.

Asubuhi alipanda gari akinisema kwa kuchelewa. Tukifika, kichwa kinamgonga na anatapika. Daktari anapima presha, anapima sukari, haoni kitu. Akipumzika nje kwenye benchi, anakuwa mzima. Nilichanganyikiwa kabisa. Dada yangu, aliyekaa nyuma ya pikapu juu ya magunia ya maharage, alifika na vumbi tu.

Mama nilimweka mbele, maana mtu mzima hapandi nyuma na magunia. Kwa ajili ya baridi ya huku kwetu nilimfunika shuka na kumpandishia kioo hadi juu. Kioo cha upande wangu kilikuwa kibovu, hakipandi, nikaendesha nikipigwa upepo na kujiona mtoto mwema.

Gari lilipozidi kunguruma nikalipeleka kwa fundi Dongobesh. Aliingia chini, akaniita nichungulie. Bomba la ekzosi lilikuwa limepasuka kwenye maungio, limezungushiwa bati la kopo na waya.

“Nani alifunga hivi?”

Nilikohoa. Nilikuwa nimefunga mwenyewe, tena nikajisifu.

Akapitisha kidole kwenye tundu la sakafu, kikatokea mbele ya kiti cha abiria. “Anayekaa hapa anavuta moshi wote. Angeweza kulala asiamke.”

“Ni mama yangu.”

Fundi alipaka oili kwenye bolti zenye kutu, akazifungua moja moja, akaweka bomba jipya na gasketi, kisha akachomelea sakafu. Nilisimama pale nikiwa na hasira, na wa kumkasirikia simwoni.

Safari iliyofuata Mama alizungumza njia nzima. Nikamweleza habari ya moshi, macho yangu barabarani.

“Nilikuwa nasikia harufu,” akasema.

“Sasa Mama, mbona hukusema?”

“Umenipa kiti kizuri, mwanangu, umenifunika. Ningeanzaje kulalamika?”

Nilitaka kumgombeza. Nikasimamisha gari pembeni, nikalia. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso, akauliza kama na mimi kichwa kimeanza kuniuma.