Mwani wa Mama Mkwe

Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini nyumba ya vigae pale Ruangwa ni yangu, na magari yanayobeba ufuta na korosho ni yangu. Mezani kwangu hajawahi mtu kusukuma sahani, mpaka alipoletwa mama mkwe kutoka Lindi pwani, aje auguzwe kwangu.

Nilimchinjia jogoo, hakula. Nikaleta mbuzi, akageukia ukutani. Alikuwa anakauka tunamwona, mke wangu analia jikoni. Alichotaka ni mwani, yale majani ya baharini yanayoteleza kama kamasi. Nikasema nitaleta gari zima.

Huko pwani shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alinipeleka kwenye miamba maji yalipokupwa. Harufu ilinikaba, kama samaki aliyesahauliwa juani. Yeye anakata kwa kisu, anaacha shina, anahamia jiwe jingine. Mimi kisu cha nini? Nikakamata fungu, nikavuta, likaja zima na mchanga wake, na vidudu vya miguu mingi vikanipanda mkononi.

"Shemeji, unavuna au unang'oa karanga?" akaniuliza. "Hapo ulipopita wewe, sisi tutakuja kukata nini?"

Nikamjibu kwamba nimelisha watu tangu yeye hajajua kusuka nywele. Nikajaza kiroba.

Nyumbani mke wangu aliuosha mpaka mikono ikachoka, akauchemsha, akautia tui na ndimu. Nyumba yangu ya vigae ikanuka kama gati. Mama akatafuna, mchanga ukalia menoni. Akatoa shina mdomoni, akalitazama.

"Mkwe wangu, huu umeung'oa. Hebu onja na wewe ulichoniletea."

Kwetu mtu hatemi mbele ya mama mkwe, hata kumtazama usoni ni kazi. Nikaweka mdomoni. Ukateleza, ukakwama, ukashuka kooni kama konokono mzima. Machozi yakanitoka. Mama akacheka, kicheko cha kwanza tangu aletwe. Akavuta bakuli, akala, mashina anayatenga pembeni.

"Ukienda tena, beba kisu," akasema.

Nimekwenda tena, na kisu. Mama sasa anatembea mpaka uani. Lakini gari linanuka kiasi kwamba wakulima wa kijiji cha Narung'ombe nikiwapa lifti wanaomba kukaa nyuma juu ya magunia, na mimi uchafu ule siuweki tena mdomoni hata nikiwa mgonjwa wa kufa.